Feni Tatu, Zote Zinatoa

Video mmeiona. Kasha la Dell OptiPlex 7010, lile la kusimama, limefunguliwa mezani kwa fundi mmoja wa hapa Biharamulo mjini. Likakatwa ndani, likatobolewa juu, likawekewa kadi ya grafiki ya RX 580 na pawa saplai mpya, kisha likakabidhiwa kwa studio inayohariri video za harusi na sendofu. Imepita kwenye simu za mafundi wa hapa, wa Ngara na wa Nyakanazi, na kila aliyeiona amempongeza. Mengi aliyoyafanya yanastahili pongezi. Lakini pale alipoishika feni ya mbele, akaigeuza, akaifunga itoe hewa badala ya kuingiza, aliiharibu kazi yote, na sijaona hata mmoja aliyemwambia.

Yaliyo sawa tuyamalize haraka. Alitoa mazabodi kabla ya kuwasha grenda, kwa hiyo unga wa chuma haukumwagikia popote. Kizimba cha diski kilichokuwa kinaizuia kadi alikikata pembeni tu, akapiga tupa kingo zote, akahamishia diski juu. Pawa saplai ya kiwandani ni ya wati 275 na haina waya wa kulisha kadi kubwa. Aliibadilisha bila ubishi, na alijua kuwa 7010 bado inapokea plagi ya kawaida ya pini 24, tofauti na 7020 na 9020 zilizofuata. Huyu ni fundi, si mbabaishaji. Ndiyo maana kosa lake linauma.

Sasa irudishe video hadi kwenye feni. Zilikuwa tatu, za milimita 120. Mbili alizifunga juu, kwenye matundu aliyoyakata mwenyewe, mishale ya ubavuni ikielekea nje. Mimi ningetaka moja tu huku juu, lakini hilo tungejadiliana tukaafikiana. Akaichukua ya tatu, akaipeleka mbele nyuma ya wavu wa Dell, mshale ukielekea ndani. Ilikuwa sawasawa! Ukiangalia vizuri utamwona anasita, anatazama zile mbili za juu, halafu anaigeuza. Maelezo yake ni kwamba joto hupanda na lote linatakiwa kutoka, kwa hiyo feni zote zitoe. Akawasha, akakata kipande cha karatasi laini, akakishika juu ya matundu. Karatasi ikapepea. Akakipeleka mbele, ikapepea tena. Watu wakashangilia.

Karatasi ile imeonyesha hewa inakotokea. Inakoingilia haikuonyesha, na tatizo liko huko. Hewa ikitoka kwenye kasha lazima nyingine iingie, kiasi kilekile, kwa sababu kasha haliwezi kubaki tupu. Usipoichagulia mlango itajitafutia. Itapita pembezoni mwa kidroo cha DVD, kwenye matundu ya USB, kwenye nafasi za kadi kule nyuma, kwenye ufa wa mfuniko wa pembeni ambao baada ya kukatwa haubani tena kama zamani. Kote huko huwezi kuweka chujio. Angeiacha ile ya mbele iingize, hewa ingekuwa na mlango mmoja mpana, na mlango mmoja unafunikika kwa chujio.

Kuna jambo baya zaidi ambalo video haikulionyesha kwa sababu hakuna aliyelisogelea na kamera. Katika kasha hili pawa saplai inakaa juu, nyuma, na ina feni yake ndogo inayotupa joto nje. Umeweka feni tatu kubwa zinazonyonya hewa ya ndani. Feni ya pawa saplai sasa inavuta dhidi ya zote tatu, na kasi yake inapokuwa ndogo, hewa inaweza kurudi kinyume kupitia kwake na kuingia kasha lote ikiwa imeshapata moto. Kipeleke kile kipande cha karatasi nyuma ya pawa saplai, kompyuta ikiwa haina kazi nzito, ukione kinapepea au kinavutwa kubandika kwenye wavu. Hicho ndicho kipimo nilichokitaka.

Atakayesema mbona kadi haikupata moto kwenye majaribio, ni kweli haikupata. Kasha lilikuwa jipya, mapezi ya hitisinki yanang'aa, na jaribio halikumaliza hata wimbo mmoja wa bwana harusi kuingia ukumbini. Mahali safi, feni zote zikitoa, joto linashuka vizuri tu. Wanaofanya kazi hizi Ulaya kwenye vyumba vilivyofungwa madirisha hawaoni tofauti kubwa kati ya kasha linalonyonya na kasha linalosukuma. Sisi tuko Biharamulo. Kuanzia Juni mpaka Agosti vumbi jekundu linaamka na pikipiki ya kwanza ya alfajiri na halilali mpaka watu walale. Studio ziko barabarani kwa sababu wateja wako barabarani, na mlango uko wazi kutwa. Vumbi hilo ni laini, linapenya, na linapofika kwenye mapezi ya hitisinki linatuama katikati yake kama blanketi. Kisha mvua za vuli zinakuja, unyevu unaingia kwenye vumbi lilelile lililolala juu ya mazabodi, na hapo ndipo simu za usiku zinapoanza: fundi, mashine inajizima.

Tena tuko juu. Uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, maana yake feni ileile, kwa mzunguko uleule, inabeba joto pungufu. RX 580 inatoa joto la wati 185 ikiwa kazini. Prosesa ya i7-3770, ambayo ndiyo wengi huiweka kwenye 7010, ni wati 77. Ongeza diski na mazabodi, uko karibu na 300. Kuzitoa wati 300 kwa hewa isiyozidi nyuzi 10 juu ya joto la chumba kunahitaji kama lita 25 za hewa kila sekunde pwani, na kwetu kama 28. Hakuna nafasi ya kupoteza hata lita moja kwenye feni zinazogombana.

Sasa hili la joto kupanda. Nimelisema miaka yote na nitalisema tena. Kila fundi aliyeambiwa shuleni kwamba joto hupanda anadhani kasha ni bomba la moshi. Piga hesabu. Kasha la urefu wa sentimita 40, hewa ya ndani ikiwa na nyuzi 15 zaidi ya nje, nguvu ya joto kupanda ni takriban paskali 0.2. Feni ya kawaida ya milimita 120 inasukuma paskali 10 au zaidi. Feni inaishinda mara 50. Hewa ya kwenye kasha inakwenda inakosukumwa, iwe juu, chini au pembeni. Kwa hiyo kuigeuza feni ya mbele ili isaidie joto kupanda ni kuisaidia nguvu ambayo ni kama haipo.

Waliojaribu kuitegemea kweli nguvu hiyo walilipa. Steve Jobs hakupenda kelele za feni, na Apple III ya mwaka 1980 ilitoka bila feni. Joto likawa linachangia chipu kulegea kwenye soketi zake, hadi wateja wakashauriwa wainyanyue mashine inchi chache na kuiachia ianguke mezani ili chipu zirudi mahali pake. Mashine za kwanza zipatazo 14,000 zikabadilishwa. Mwaka 2000 wakarudi na Power Mac G4 Cube, nayo bila feni, lakini safari hii kasha zima lilijengwa kuzunguka bomba la katikati ambalo hewa inapanda ndani yake. Julai 2001 ikasimamishwa, haina wanunuzi wa kutosha. Nakubali kwamba Cube ilikuwa kazi ya akili. Lakini angalia walichohitaji kufanya ili joto lipande lenyewe: kubuni kila kitu upya kuanzia chini. Huwezi kulipata hilo kwa kutoboa matundu mawili juu ya Dell.

Mashujaa wangu mnawajua. Chukua OptiPlex GX620, au 745, au 755, zile zilizojaa kwenye ofisi na steshenari zetu zikitoka Dubai zikiwa zimeshatumika. Zilijengwa kwa mpangilio wa BTX, ambao Intel waliuleta wakati Pentium 4 za Prescott zilipofika wati 115 na kila mtu akitafuta pa kulipeleka joto. Feni moja kubwa mbele, inaingiza. Nyuma yake handaki la plastiki, na prosesa imewekwa mwanzoni kabisa mwa handaki ili ipate hewa ya baridi kabla ya mwingine yeyote. Hewa inanyooka mpaka nyuma, inatoka. Njia moja, mwelekeo mmoja. Intel waliuacha mpango huo mwaka 2006 prosesa zilipopungua joto, na mimi sijawasamehe, kwa sababu mashine hizo zilivumilia vumbi la Kagera na jenereta za dizeli za miaka ile kabla ya gridi kwa namna ambayo mashine mpya haziwezi. Ukilifungua lile handaki unakuta vumbi lote limekaa mahali pamoja, usoni mwa hitisinki. Unalitoa, unafunga, mteja anaondoka. Ziliponyakuliwa na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu niliumia.

Na wa karibu zaidi. BRCK ya Nairobi, kifaa cha mtandao kilichotangazwa mwaka 2013 na watu wa shirika la Ushahidi, kilianza na swali ambalo fundi wetu hakujiuliza: hiki kitu kitakaa wapi? Kitakaa kwenye vumbi, umeme ukikatika, basi likirusharusha. Kio Kit yao ya mwaka 2015 iliingiza tableti 40 na kifaa cha mtandao ndani ya sanduku moja gumu, zikichajiwa humohumo, kwa ajili ya shule. Ng'ambo ya pili ya Rusumo, Rwanda ilinunua kwa wingi kompyuta ndogo za XO za wanafunzi, ambazo hazikuwa na feni hata moja na kibodi yake ilikuwa ngozi ya mpira iliyofunikwa ili mchanga usipate pa kuingilia. Hizo zilikuwa mashine dhaifu kwa kazi ya studio, sikatai. Hakuna atakayehariri harusi kwa XO. Ninachokiheshimu ni kwamba waliozibuni walianza na mazingira ndipo wakafika kwenye kasha.

Yapo mengine kwenye video ile ambayo ningeyaacha yapite siku nyingine. Kupuliza hitisinki kwa blowa huku umeiacha feni izunguke ovyo mpaka beringi zinalia. Ishike kwa kidole, jamani. Taa za rangi kwenye feni za juu, ambazo mteja alizilipia na ambazo hazipozi chochote.   

Hasara ya feni iliyogeuzwa haitakuja kwa kishindo, na ndiyo maana watu hawaiogopi. Kadi itaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Video ya dakika 40 iliyokuwa inatoka kabla ya chai itatoka baada ya chakula cha mchana, na mwenye studio atadhani programu ndiyo imechoka, ataweka nyingine. Huku ndani kapasita zinapikwa. Kanuni ya kazi yetu ni ya zamani: kapasita ikipata nyuzi 10 pungufu inaishi karibu mara mbili. Igeuze kanuni hiyo, uone nyuzi 10 za ziada zinafanya nini. Waliorekebisha OptiPlex GX270 na GX280 zilizouzwa kati ya mwaka 2003 na 2005, zikavimba kapasita, hawahitaji kuelezwa. Zile zilikuwa na kapasita mbovu kutoka kiwandani, lakini zilizokaa kwenye joto ndizo zilizotangulia.

Marekebisho hayahitaji hela. Feni ya mbele ina parafujo nne. Zifungue, uigeuze, mshale uelekee ndani, uifunge tena. Moja ya zile mbili za juu iondoe na uihamishie mbele chini, nayo iingize; tundu litakalobaki juu lizibe kwa bati ulilolikata, kama hukulitupa. Sasa mbili zinaingiza na moja inatoa, hewa ya ndani inazidi kidogo ya nje, na kila ufa wa kasha unatema badala ya kunyonya. Pawa saplai nayo inapata msaada badala ya upinzani. Mbele weka chujio. Wavu wa mbu wa dirishani una matundu makubwa, unazuia nzi na vipande vya nyuzi tu. Soksi ndefu za kike, zile nyepesi, zikivutwa vizuri kwenye fremu ya waya na kufungwa kwa mikanda ya plastiki zinashika hata lile vumbi laini. Zifuliwe kila wiki wakati wa kiangazi na kila mwezi wakati wa mvua, kwa sababu chujio likijaa feni inakosa pumzi na tunarudi tulikoanzia.

Fundi, ukiisoma hii, mteja wako bado yuko hapohapo mjini na mashine bado ni mpya. Mfuate leo na bisibisi yako, kabla ya Juni.