Kunyonyoka na Kukatika

Msomaji, lisikilize tangazo lo lote la shampuu kama usomavyo shairi: neno kwa neno, ukiliuliza kila moja lina haki gani ya kuwapo. Tangazo huahidi kwamba shampuu hiyo huzuia nywele kukatika. Sentensi ni fupi, nayo ina hila. Lugha yetu ina maneno mawili hapa. Unywele hukatika uvunjikapo njiani. Hunyonyoka utokapo shinani. Okota unywele katika kitana: ukiona kidoto cheupe mwishoni mwake, huo umenyonyoka, usipokiona, yamkini umekatika. Shampuu njema yaweza kuulainisha unywele usikatike upesi kwa kuchanwa. Kwa hiyo mtunga tangazo hakusema uongo. Lakini alijua kuwa mwenye hofu ya upara husikia kukatika akaelewa kunyonyoka, wala hakumzindua.

Hofu yenyewe mara nyingi haina msingi. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku 50 hadi 100 hunyonyoka. Unywele huota kwa miaka 2 hata 6, hupumzika kadiri ya miezi 3, kisha humpisha mwenzake. Anyonyokwaye kupita kiasi na akumbuke mambo ya miezi miwili mitatu iliyopita: homa kali, uzazi, njaa, msiba. Upungufu wa damu nao huleta hali hiyo, na mabaka ya choa yana dawa yake hospitali. Msichana ambaye nywele zimemwishia kando ya paji aulize kwanza mkono wa msusi. Misuko ivutwayo mpaka kichwa kikauma huchosha mizizi, na miaka ikipita hivyo mizizi hufa. Hapo hakuna povu liwezalo kuifufua.

Wako walioitupa chupa wakashika jani. Nao wana neno lao, "asili", na haki yataka tulipime kwa mizani ile ile. Majani ya mkunazi yaliyokaushwa yakapondwa hutoa povu yakikorogwa majini, kwa sababu yana saponini, kitu kishikacho mafuta na uchafu. Waarabu wameoshea vichwa majani hayo tangu kale, na mkunazi huota kwetu pia. Mimi nayapenda, harufu yake hasa. Lakini sifa yake ni kuosha, na kuosha si kuotesha. Utomvu wa mshubiri huipoza ngozi iwashayo, basi. Na magadi je? Hayo ni ya asili kabisa, yachimbwa katika Ziwa Magadi, hapa hapa Kenya. Hata hivyo ukali wake hufumua magamba ya unywele, ukakauka, ukakatika kweli kweli. Maji ya ndimu yakiachwa juu ya ngozi yakapigwa na jua, huiunguza. Asili ni habari ya mahali kitu kilikotoka. Haisemi kitafanya nini kikifika kichwani.

Ukienda dukani, geuza chupa. Mbele kuna picha na sifa. Nyuma, kwa herufi ndogo, pameandikwa vitu vilivyomo, kilicho kingi kikitangulia. Aghalabu cha kwanza ni maji.