Maruge wa Filamu na Maruge wa Kariobangi

Ukipanda matatu hapa Donholm, Nairobi, ukaifuata barabara ya Outer Ring, hukai sana kabla makanga hajaita Kariobangi. Huko ndiko mzee Kimani Maruge, Mkenya aliyeingia shule ya msingi uzeeni, alikoanza darasa la 6 mwezi Juni 2008. Katika filamu ya maisha yake, The First Grader, sehemu hiyo haikuigizwa. Filamu hiyo ya 2010 iliongozwa na Mwingereza Justin Chadwick na kuandikwa na Ann Peacock. Oliver Litondo, aliyewahi kututangazia habari, ndiye Maruge. Tuifungue filamu hiyo tuone ilivyoundwa.

Tuanze na barua. Mzee ana barua ya serikali asiyoweza kuisoma, na hadithi nzima inavutwa na hamu yetu ya kujua ina nini. Maruge mwenyewe aliwaeleza wanahabari kwamba alitaka kujisomea Biblia na kujua kuhesabu fedha zake. Kiu kama hiyo ni vigumu kuipiga picha. Barua hukunjwa, hufichwa, hutoka mfukoni. Mwandishi ameipa kiu umbo. Hapo simlaumu, kwa kuwa kiu yenyewe haikuguswa.

Pili, kumbukumbu. Penseli inachongwa darasani, na ghafla tumo kizuizini miaka ya 1950, wakoloni wakimtesa Maruge. Hakuna msimulizi, kitu kilicho mkononi ndicho kinachotuvusha. Mateso hayo pia si ya kubuni: mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za vita vya Mau Mau vya kupinga ukoloni.

Mizani inapotea kwenye familia. Katika filamu, wakoloni wanawaua watu wa nyumbani kwake na mzee anabaki mpweke. Maruge halisi alikuwa na wajukuu 30, na wawili kati yao walisoma shule ileile ya Kapkenduiywo, Eldoret, alikojiandikisha Januari 2004 akiwa na miaka 84. Babu na wajukuu chini ya kengele moja: kuna kichekesho hapo, kuna haya, kuna mapenzi. Yote yamekatwa, maana filamu ya mnyonge anayeshinda humtaka shujaa asiye na wa kumshika mkono isipokuwa mwalimu mmoja. Anayepunguza ndugu za mtu hawezi kujitetea kwamba amefupisha tu.

Kisha kuna mwisho. Mwaka 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Hadithi za aina hii hupenda kuishia karibu na kilele kama hicho. Maisha hayakuishia hapo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimpokonya mali. Akaishi kambini, kilomita 4 kutoka shuleni, na bado akaenda darasani. Baadaye aliletwa Nairobi, kwenye makao ya wazee, akajiandikisha tena katika shule ya msingi ya Marura, Kariobangi. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009.

Kwa hiyo mtazamaji anayetafuta ukweli asihesabu tu maonyesho yaliyobuniwa. Aulize pia kamera ilizimwa wapi. Mira Nair, katika Queen of Katwe ya 2016 kuhusu Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji kutoka Kampala, aliwasimamisha wahusika halisi kando ya waigizaji wao mwishoni. Mbinu hiyo ni ndogo, lakini inatupa nafasi ya kulinganisha sura na sura, na kukumbuka kwamba mwenye hadithi bado anaishi.

Filamu ya Maruge ingeendelea hadi Outer Ring, tungeona jambo gumu zaidi kuliko kushinda. Dunia ilikwisha kumpigia makofi. Nyumba hakuwa nayo, na sifa zilikuwa zamani. Akaenda kuketi darasani na watoto wa Kariobangi.