Picha za majengo ya mbali: je, zinasema kweli?



Watu wengi wakishika kamera yenye lenzi ya zumu hufikiri hivi: nikizungusha pete, jengo la mbali litanikaribia. Sivyo. Jengo linabaki mahali pake, nawe unabaki mahali pako. Lenzi inakata kipande kidogo tu cha yale uyaonayo, na kukikuza. Anayetaka kulifahamu jambo hili, atazame picha za New York alizopiga Andreas Feininger.

Feininger alizaliwa Paris mwaka 1906, akajifunza kazi ya kuchora majengo, na mwaka 1939 akahamia Marekani. Wakati ule kamera za filamu ya milimeta 35 hazikuwa na zumu. Ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Yeye alijitengenezea kamera yenye lenzi ndefu, akavuka mto Hudson mpaka New Jersey, akaupiga mji picha toka ng'ambo.

Uzuri wa picha hizo ni nini? Kwanza, kuta zinasimama wima. Mtu aliye chini ya Empire State Building, yenye kimo cha mita 381, hana budi kuinua kamera. Na katika picha yake kuta zinaegemeana kama fito za hema. Aliye mbali hana haja ya kuinua.

Pili, kila jengo linapata kimo chake cha haki. Tufanye hesabu. Majengo mawili yana kimo kimoja, na la pili liko kilometa 1 nyuma ya la kwanza. Ukisimama mita 100 mbele ya la kwanza, la pili litaonekana kama sehemu 1 tu kati ya 11 za mwenzake. Ukirudi nyuma hadi kilometa 5, litakuwa sehemu 5 kati ya 6. Basi kazi hiyo imefanywa na miguu, si kioo.

Lakini nina neno la kulaumu. Hesabu ile ile inayorudisha vimo inaficha nafasi. Kilometa nzima imekwisha! Minara inabanana kama vijiti katika kibiriti. Mgeni atasema: kule hakuna hata pa kupumulia. Kumbe barabara kubwa nyingi za Manhattan zina upana wa mita 30 hivi. Picha haikusema uwongo, ilinyamaza tu. Na ukimya huo waweza kudhulumu watu. Mtu akitaka kuonyesha kwamba mtaa fulani wa maskini ni msongamano mtupu, asimame mbali na kutumia lenzi ndefu: ua na vichochoro vitatoweka, na wasomaji watahukumu mahali wasipopajua.

Kwa sababu hiyo, katika picha za Feininger, nazipenda zaidi zile zinazotuonyesha mto. Maji yale yanatuambia wazi: mpiga picha alikuwa ng'ambo, hakuwa kati yao. Hiyo ni heshima kwa mtazamaji, na kwa mji pia.

Basi, wewe mwenye zumu, tembea kwanza, ndipo uzungushe pete. Nawe utazamaye, kabla ya kuhukumu, uliza: aliyepiga picha hii alisimama wapi?