Shehena Ikatoka, Wanafunzi Wakaingia

SS Uganda ilipoanza kazi mwaka 1952 kati ya London na Beira, ikipita Suez, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ilikuwa meli ya kazi mbili. Ilipakia abiria takriban 300 tu. Nafasi kubwa chini yao ilikuwa ya shehena. Mpango ni uleule anaoujua msafiri wa Itungi, Kyela, kwenye MV Mbeya II: abiria 200, mizigo tani 200.

Ndege ndiyo iliyoinyang'anya Uganda abiria. East African Airways ilianza kurusha jeti za Comet mwaka 1960, na watumishi wa kikoloni waliokuwa wakienda likizo kwa meli nao wakaondoka uhuru ulipokuja. Pacha wake, SS Kenya, iliishia kwa wavunja vyuma mwaka 1969. Uganda ikapelekwa Hamburg mwaka 1967, ikatoka mwaka uliofuata ikiwa meli ya matembezi ya elimu: wanafunzi zaidi ya 900 kwenye mabweni, na watalii 300 hivi kwenye vyumba vya zamani.

Mabweni hayo yaliwekwa palipokuwa pa shehena. Mtu akikukabidhi ghala la viazi pale Uyole akuambie ulaze watoto, utakuta kuta na paa vipo, ila hewa, vyoo na ngazi za kuukimbia moto hakuna. Fundi huanzia hapo. Kisha kuna uzito, jambo ambalo abiria halimpitii akilini. Shehena hukaa chini na kuituliza meli. Watoto 900 na mabegi yao hawafiki tani 100. Meli iliyogeuzwa hivi hudai uzito wa kudumu chini, la sivyo itayumba vibaya.

Tani zake za usajili zilipanda kutoka 14,430 hadi 16,907. Tani hizo hupima nafasi iliyofunikwa, kwa hiyo ongezeko lake ni la madarasa, kumbi na sitaha zilizojengwa. Mitambo ya mvuke wenye meli waliiacha kama ilivyokuwa, na kwa maoni yangu hapo walikuwa na akili: maili 16 za baharini kwa saa ni mwendo wa kutosha kwa mtu aliyelipa ili akae majini.

Ubora wa kazi ya Hamburg ulipimwa mwaka 1982, vita vya Falkland kati ya Uingereza na Argentina vilipozuka. Wanafunzi walishushwa Naples, na huko Gibraltar meli ikageuzwa hospitali ndani ya siku chache tu. Mafundi walijenga kiwanja cha helikopta upande wa nyuma. Mabweni yakawa wodi karibu kama yalivyokuwa, maana hewa, maji na vyoo vilikuwepo tangu 1968.

Baada ya hapo ilibeba askari kwa miaka miwili hivi. Mwaka 1986 iliuzwa Taiwan ikavunjwe, na kimbunga kikaitupa ufukweni Kaohsiung kabla wavunjaji hawajaigusa.