Injini Kumi za Kuondoka, Mbili za Kwenda

Anayeiona picha ya KM, chombo cha Kisovieti kilichoruka chini chini juu ya maji, kwa mara ya kwanza huvutwa na ukubwa wake: mita 92 kutoka omo hadi tezi, tani 544 ikiwa na mzigo wake wote, na mabawa mafupi kama ya kuku aliyepunguzwa mbawa asiruke ua. Lakini chombo hiki hujieleza vizuri zaidi kwa injini zake. Zilikuwa 10 za jeti: nane zilipangwa nyuma ya chumba cha marubani, nne kila upande, na mbili zilikaa juu kwenye mkia. Kilipokuwa njiani, kikikata kilomita 430 kwa saa mita chache juu ya Bahari ya Kaspi, mwendo wake ulitokana hasa na zile mbili za mkiani. Kazi ya zile nane ilikuwa imeshakwisha nyuma huko, pale zilipohangaika kukibandua chombo kutoka majini. Wamarekani walioiona kwenye picha za satelaiti miaka ya 1960 waliiita Zimwi la Kaspi, na toka hapo mjadala wote umekuwa juu ya namna zimwi hilo lilivyoweza kuruka. Hoja yangu ni kwamba kuruka ndiko kulikokuwa rahisi. Kilichoamua mwisho wa chombo hiki na wenzake ni zile dakika chache za kuyaacha maji, na hata vyombo vinavyojaribiwa leo vitapona au kufa hapo hapo.

Tuanze na lililofanikiwa. Bawa likisafiri, hewa iliyo chini yake huwa na mgandamizo mkubwa kuliko iliyo juu, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito. Tatizo liko kwenye ncha. Hewa ya chini hupata upenyo pale, hukimbilia juu ikizunguka, na kila ncha huburuta kisulisuli nyuma yake. Kisulisuli hicho si cha bure. Injini ndiyo inayokilipia, na wataalamu hukihesabu kuwa ni ukinzani unaotokana na kule kubeba uzito kwenyewe. Bawa likishushwa karibu na maji, uso wa maji huizuia hewa isizunguke itakavyo, kisulisuli hudhoofika, na bawa fupi huanza kufanya kazi ya bawa refu. Jambo hili huitwa athari ya ardhi, ingawa hapa ardhi yenyewe ni maji, na hesabu zake wanafunzi wa urubani huzijua: chombo kikiwa juu ya uso kwa kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake ncha hadi ncha, ukinzani huo hupungua kwa asilimia 1.4 tu, kikishuka hadi robo ya upana huo, hupungua kwa karibu asilimia 24, kikifika sehemu moja ya kumi, karibu nusu yake hutoweka. Mwari wa Ziwa Nakuru anayeteleza bila kupiga bawa, tumbo likikaribia kulowa, anakula faida hiyo hiyo.

Hesabu hizo ndizo zinazoeleza kwa nini KM ilikuwa kubwa namna ile. Upana wa mabawa yake ulikuwa mita 37.6, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ni chini kidogo ya mita nne, na chombo hicho kilisafiri kati ya mita 4 na 14. Sasa chukua chombo kidogo chenye mabawa ya mita 12: ili kipate nusu ile ile, itabidi kishuke hadi mita moja na kitu, mahali ambapo wimbi la kawaida la bahari litakipiga tumboni. Mawimbi hayapungui kwa kuwa chombo ni kidogo. Anayetaka kuila faida hii kwenye bahari halisi, si kwenye ziwa lililotulia, analazimika kujenga jitu. Ukubwa wa KM haukuwa majivuno ya Kisovieti, au tuseme haukuwa majivuno peke yake.

Mwenye kazi hii, Rostislav Alexeyev, hakutoka katika ndege. Alikuwa mjenzi wa vyombo vya majini huko Gorky, mji ambao leo umerudia jina la Nizhny Novgorod, na sifa yake ya kwanza ilitokana na Raketa, boti ya abiria iliyoanza kuonekana kwenye mto Volga mwaka 1957. Raketa ilikuwa haidrofoili: chini ya tumbo lake kulikuwa na mabawa madogo yaliyozama, na ikishika kasi, mabawa hayo yaliinyanyua juu ya maji ikabaki imesimama kama juu ya vijiti. Lakini haidrofoili ina ukuta wake. Ikikaribia kilomita 100 kwa saa, mgandamizo juu ya bawa lililozama hushuka mno hata maji yanachemka yakiwa baridi. Mapovu huzuka, nguvu ya kuinua hupotea, na chuma huanza kuliwa. Alexeyev alipoufikia ukuta huo aliamua kuyatoa mabawa majini kabisa na kuyaweka hewani, juu kidogo tu ya uso. Ndipo alipokutana na tatizo jipya, kwa sababu kila kilichokuwa kikiinyanyua Raketa alikuwa amekiondoa.

Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Chombo kinachoanza kukimbia majini hutengeneza wimbi mbele yake, halafu hulazimika kulipanda wimbi hilo hilo. Kadiri kinavyoongeza kasi ndivyo mlima unavyokua, hadi kinapofika mahali ambapo ama kina nguvu za kuuvuka kilele na kuanza kuteleza juu ya uso, ama kinabaki pale kikinguruma na kumaliza mafuta. Ndege ya nchi kavu haina taabu hii, maana magurudumu kwenye lami karibu hayana ukinzani. Kwa chombo cha mamia ya tani, nguvu inayohitajika kuvuka kilele hicho ni mara kadhaa ya ile inayohitajika njiani. Watu hupenda kusema chombo kama KM kinakalia mto wa hewa. Ni kweli mto upo, lakini msemo huo unaficha jambo kubwa: mto huo huletwa na mwendo, na mwendo haupatikani mpaka maji yaachwe.

Jibu la Alexeyev lilikuwa la kiufundi hasa. Alizipeleka injini mbele ya bawa na kuyageuza mapua yake ya nyuma yaelekee chini kidogo, ili moto na upepo wake vijae kwenye uwazi ulio kati ya bawa na maji. Hewa iliyosongamana pale iliinua sehemu ya uzito hata kabla chombo hakijashika kasi, tumbo likatoka majini mapema, na mlima ukapungua kimo. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwenye vyombo vidogo vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikapewa KM. Tarehe 16 Oktoba 1966, KM ilipaa kwa mara ya kwanza, na Alexeyev mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshika usukani, jambo lisilo la kawaida kwa mhandisi. Mbinu ilifanya kazi. Bei yake ndiyo zile injini nane.

Kulikuwa na bei nyingine, ya mkia. Bawa likiwa karibu na uso, mahali nguvu ya kuinua inapokusanyikia husogea nyuma. Likipanda, mahali hapo husogea mbele na pua hutaka kuinuka. Pua ikiinuka chombo hupanda zaidi, na kikipanda zaidi pua huinuka tena. Dawa iliyotumika ni mkia mkubwa uliowekwa juu sana, nje ya hewa iliyovurugwa na maji, uishike pua mahali pake. Mkia wa KM ulikuwa na upana wa mita 37, karibu sawa na bawa lenyewe. Ni chuma kingi cha kubeba kwa ajili ya kuzuia tu. Hapa niseme kwamba tatizo hili lilikuja kupata ufumbuzi mwepesi zaidi kwingine: Mjerumani Alexander Lippisch, kwa vyombo vyake X-112 cha mwaka 1963 na X-113 cha mwaka 1970, alitumia bawa la pembetatu lililogeuzwa, pana mbele na jembamba nyuma, ambalo hutulia lenyewe na kuridhika na mkia mdogo. AirFish 8 ya Singapore inafuata umbo hilo. Utulivu, basi, ulipatiwa dawa. Mlima wa maji ukabaki.

Wapo watakaosema nauonea mradi huu. Kwamba uliuawa na siasa, kwa kuwa Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991 na fedha zikaisha. Fedha ziliisha kweli. Lakini Lippisch na wale wa Singapore hawakuvunjikiwa na dola, na vyombo vyao vilibaki vidogo, vya watu wachache, vya maji yaliyotulia. Tena ushahidi wa Wasovieti wenyewe unaonyesha kwamba walijua kidonda kiko wapi. Orlyonok, chombo cha tani 140 kilichofuata, kiligawanya kazi waziwazi: jeti mbili zilifichwa puani kwa ajili ya kupuliza chini ya bawa, na juu ya mkia ikawekwa injini moja ya rafadha, NK-12, jamaa ya zile zinazosukuma ndege za Tu-95, kwa ajili ya safari. Hakuna anayejipa taabu ya kubuni hivyo kama kuondoka hakumnyimi usingizi. Baadaye ikaja Lun, iliyobeba makombora sita mgongoni, na nane zote zikarudi mbele. Jeshi halihesabu mafuta kama anavyohesabu mwenye meli ya abiria.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye ndege. Kama ukinzani unapungua kiasi hicho, mbona mashirika ya ndege hayakushuka chini? Kwa sababu mafuta yanayotumika kwa kila kilomita hutegemea sana uwiano kati ya uzito unaobebwa na ukinzani unaopatikana, na ndege ya kisasa hupata uwiano mzuri kwa bawa refu na jembamba, bila kuyagusa maji. Kisha hupanda hadi kilomita 11, ambako hewa ina chini ya theluthi moja ya uzito wa hewa ya pwani, na ukinzani ule ule unairuhusu kwenda kilomita 900 kwa saa. KM haikuweza kuwa na bawa refu, maana ikilala upande wakati wa kukata kona ncha ingechota maji. Nayo ilikuwa ikiburuta injini nane zilizozimwa au kupunguzwa moto katika hewa nzito kuliko zote. Faida iliyoipata kwa ukaribu wa maji, sehemu kubwa ilirudishwa hapo.

Ndiyo maana jaribio linalonivutia sasa si kubwa. Kampuni ya REGENT ya Rhode Island, Marekani, inaunda chombo kiitwacho Viceroy, cha abiria 12, chenye mabawa ya mita 20 hivi na mota 12 za umeme. Hutoka gatini kikielea kama boti, hupanda juu ya haidrofoili, kisha huziacha na kuruka chini chini. Modeli yake ya robo ya ukubwa iliruka mwaka 2022. Tazama kilichofanyika: kile ambacho Alexeyev alikivua ili aruke, hawa wamekirudisha ili waruke. Haidrofoili haifai kwa kasi kubwa, lakini kwa kuvuka mlima wa maji haina mpinzani, na ukuta wake wa kilomita 100 hauna maana kama unaiacha kabla hujaufikia. Mota ya umeme nayo hustahimili kukamuliwa kwa dakika moja bila kuwa na uzito wa jeti ya ziada. Betri ndiyo inayoumiza, kwa kuwa haipungui uzito njiani kama tangi la mafuta, na kampuni yenyewe inataja safari ya kilomita 290 tu.

Msomaji wa Unguja au Mombasa ameshaanza kupima kivuko chake, na ana haki. Ila Viceroy hakijaikimbia ile hesabu ya mwanzo: sehemu moja ya kumi ya mita 20 ni mita mbili, na Kusi ikivuma mita mbili si kitu. Halafu kuna ngalawa zisizo na taa. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini huvihesabu vyombo hivi kuwa vya majini, na huvitaka vikiondoka, vikitua au vikiruka karibu na uso vikae mbali na vyombo vingine vyote. Maana yake ni kwamba mwenye ngalawa ana njia, na anayekuja kwa kilomita 290 kwa saa ndiye wa kumkwepa. Kiswahili kilishamwandalia mtu huyo jina: rubani alikuwa mwongoza jahazi zamani kabla hajawa wa ndege.

KM ilianguka Kaspi mwaka 1980 kwa kosa la uongozaji. Hakuna aliyekufa, lakini ilikuwa nzito mno kuopolewa, ikazama. Lun ilivutwa mwaka 2020 kutoka Kaspiysk hadi ufukwe wa Derbent, iwe ya kutazamwa na wageni. Injini zake nane ziko pale pale mbele, nne kila upande.