Nondo, gundi na vumbi la tundu

Pampu za dizeli za Nanighi, kando ya Mto Tana, zilikusudiwa kuulisha maji mradi wa umwagiliaji wa Bura kwa muda tu, hadi banio la kudumu lijengwe mtoni. Banio halikujengwa wakati huo, na cha muda kikawa cha miaka. Majengo ya maji yanayokaa hivyo hayaishi kuongezewa: ukuta unyanyuliwe, msingi wa pampu mpya uungwe na zege kuukuu. Anayeunga bila kubomoa hutoboa zege la zamani, hutia gundi ya epoksi, kisha huchomeka nondo. Kazi inaonekana nyepesi. Ugumu wake umefichika ndani ya tundu.

Tuchukue nondo ya milimita 16 katika tundu la milimita 20, kina milimita 600. Kama ni chuma cha daraja 500, nondo hiyo huvumilia mvuto wa takriban tani 10 kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi hali yake. Mzigo wote huo hupita kwenye ganda la gundi lenye unene wa milimita 2. Ndiyo maana tundu ni refu: kadiri nondo inavyozama, ndivyo mzigo unavyogawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba gundi imeshika zege. Tundu likiachwa na vumbi, gundi hushika vumbi, na vumbi halishiki kitu.

Kwanza fundi hutafuta nondo za zamani kwa kifaa cha kuzitambua, asije akazikata. Kisha hutoboa kwa keekee ya kugonga, akiangalia isipinde, kwa sababu kosa dogo mdomoni mwa tundu huwa kubwa chini. Usafi hufuata utaratibu uliowekwa na mtengenezaji wa gundi. Mara nyingi ni kupuliza mara mbili, kusugua kwa brashi ya waya mara mbili, na kupuliza tena mara mbili. Mpira wa hewa lazima ufike chini kabisa, na hewa ya kompresa isiwe na mafuta. Kupuliza kutoka mdomoni hutoa vumbi la juu na kulisukuma la chini likagandamane.

Gundi nayo huanzia chini. Michirizi ya kwanza hutupwa mpaka rangi iwe moja, dalili kwamba sehemu mbili zimechanganyika. Mrija mrefu hufikishwa mwisho wa tundu, kisha hurudishwa polepole gundi inapojaa. Anayejaza kutoka mdomoni hufungia hewa chini, na nondo ikiingia hewa hiyo hubaki pale pale. Nondo huchomekwa kwa kuzungushwa hadi alama ya kina, na gundi kidogo hutoka mdomoni. Hapo nondo isiguswe mpaka gundi ikauke.

Nafasi iliyobaki kuizunguka nondo yetu ni kama mililita 68, hivyo katriji ya mililita 500 hujaza matundu saba tu. Joto la Tana ni hesabu nyingine. Kwa epoksi nyingi, muda wa kufanya kazi kwenye nyuzi 40 huwa chini ya nusu ya ule wa nyuzi 20. Kwa hiyo katriji hutunzwa kivulini, matundu husafishwa yote kwanza, na gundi hutiwa alfajiri.

Kuvuta nondo chache kwa jeki ni jaribio la lazima, lakini huonyesha nguvu ya dakika chache tu. Mjini Boston, Marekani, tarehe 10 Julai 2006, slabu za dari ya handaki ziliporomoka na kumuua mtu mmoja. Wachunguzi waligundua kwamba epoksi iliyoshikilia vyuma vya dari hiyo ilikuwa ya kukauka haraka, isiyofaa mzigo wa kudumu, ikateleza polepole hadi ikaachia. Dalili za kuteleza zilikuwa zimeonekana tangu 1999.

Kwa hiyo msimamizi asitosheke na risiti ya gundi na jaribio la jeki. Kila tundu liwe na mstari wake daftarini: kina, saa ya kutia gundi, joto la zege, na jina la aliyeshika brashi. Zege likishamwagwa juu yake, daftari ndilo dirisha pekee lililobaki la kuchungulia tundu.