Msome Winnie Kwanza

Taja Winnie Madikizela-Mandela popote, mabishano yanaanza: shujaa au mkosaji? Sawa, lakini hebu niulize: kwani nyinyi mmemsoma?

Kitabu chake 491 Days kilitoka 2013. Polisi wa makaburu walimchukua nyumbani Soweto usiku wa tarehe 12 Mei 1969, binti zake wawili wadogo wakiwa hapo. Aliachiliwa Septemba 1970. Muda mwingi alifungiwa peke yake, na humo ndani akaandika. Makaratasi yale yalikaa miaka 41 kabla mjane wa mmoja wa mawakili wa kesi hiyo kumrudishia.

Nilichopenda ni kwamba shajara hii haijapambwa. Anaandika kuhusu mwili wake unavyodhoofika, kuzirai, kuhojiwa siku tano bila kulala. Ni mtu anayeweka rekodi manake hana uhakika kama atatoka hai. Kumbuka pia kwamba kabla ya ndoa alikuwa tayari mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale Baragwanath. Jicho la kuona mtu anavyoteseka hakupewa na mume.

Shida yangu ni mpangilio wa kitabu. Baada ya shajara zinafuata barua, na nyingi ni za Nelson kutoka Robben Island. Ni barua nzuri, zimetulia, za mtu anayejua askari atazisoma kabla ya mke. Lakini ndio hivyo tena: hata kwenye kitabu cha Winnie, mzee anashika maiki. Sisi Wakenya tunaujua mchezo huu. Mke wa mheshimiwa tunamwona kwenye picha, hatua moja nyuma, na tukimsikia ni akimwombea bwana kura.

Sasa, kumsoma si kumsafisha. Mwaka 1991 mahakama ilimtia hatiani kwa utekaji nyara katika kesi ya Stompie Seipei, mvulana wa miaka 14 aliyeuawa. Shajara ya 1969 haifuti hilo, na sitaki ifute. Inachofanya ni kuonyesha serikali ilimtendea nini mwanamke huyu miaka ishirini kabla, na kila msomaji atapima mwenyewe.

Ushauri wangu: soma shajara yote, funga kitabu, pumzika siku mbili. Barua za Nelson zitakungoja tu.